Shukrani kwa mzee wa soko la mitumba, Leicester

Mzee wangu, jina sikukuuliza, lakini asante sana. Nilishaanza kutoa pesa kwa ile projekta inayong'aa, ukanizuia: haina kichwa cha sauti, yaani kile kisomacho sauti kwenye filamu, na filamu za marehemu baba ni Super 8, zile filamu ndogo za nyumbani za milimita 8, zenye ule utepe wa sumaku wa sauti, wa kahawia, pembeni. Ukanionyesha namna ya kuinamisha filamu kwenye mwanga ili niuone. Halafu ukafungua projekta kuukuu ya Elmo, ukabonyeza mkanda wa mpira unaoizungusha kwa ukucha, ukasikiliza mota kwa kasi ya fremu (picha) 18 kwa sekunde, kisha 24, ndipo ukasema, “Chukua hii.”

Jana sebuleni tumemsikia baba akimkaripia mpiga picha harusini! Mama kacheka mpaka machozi. Mungu akuzidishie, mzee. Na mkanda wa akiba nimeshaagiza, kama ulivyosisitiza.