Kikao cha Jumapili: piti na sukha

Wapendwa, habari za jioni. Jumapili tunaingia hatua ya 5 na ya 6 kati ya zile 16 za kutafakari kwa kuzingatia pumzi alizofundisha Buddha: piti (furaha yenye msisimko) na sukha (raha tulivu). Buddhaghosa, mtawa aliyeandika huko Sri Lanka karne ya 5, anafananisha piti na msafiri wa jangwani aliyechoka anapoona maji. Sukha ni pale anapoyatumia. Vinyweleo vikisimama au mwili ukiwa mwepesi, usishtuke, wala usiung'ang'anie msisimko huo. Rudi kwenye pumzi. (Asiyehisi kitu naye yuko sawa, tafadhali tusianze kushindana nani kaelea!) Tutaanza kwa kulegeza taya na mabega, maana furaha haiji kwa kukaza meno. Saa 1 kamili asubuhi, kila mtu na mkeka wake.