Mjomba, rudi na lile kopo la biskuti

Shikamoo mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si letu wawili tu. Alhamisi iliyopita, kwenye usiku wetu wa kupaka rangi vijisanamu vya michezo ya mezani, tulikuwa watatu. Watatu, kwenye meza ambayo zamani ukichelewa unasimama! Na hapa ni Nottingham, Uingereza, si kwingine. Citadel, ile kampuni ya vijisanamu, ilianzia Newark, jirani tu, mwaka 1979, na kampuni nyingine kama hiyo zimejaa huku kiasi kwamba wenyewe wanapaita Ukanda wa Risasi, kwa yale madini yaliyokuwa yakiyeyushwa kuvitengeneza.

Wenzetu wakiulizwa kwa nini watu wamepungua, wanataja bei, wanataja korona, wanataja printa za 3D. Sikatai, yote yamechangia. Lakini mimi nakumbuka usiku wangu wa kwanza.

Nilikuwa na askari wa milimita 28 na nimemharibu jicho. Hukunipa maneno ya kunifariji. Ulifungua kopo lako la biskuti, ukatoa wa kwako, nusu kapakwa nusu bado, jicho la kushoto linatazama darini. Ukasema, "Huyu nimeshamfuta mara tatu." Kisha ukanionyesha: viganja vigusane, viwiko mezani, rangi iwe nyepesi kama maziwa. Weupe kwanza. Halafu usitie nukta, vuta mstari mweusi toka juu hadi chini, ukizidi utarekebisha kwa rangi ya ngozi. Nilirudi nyumbani na jicho moja zuri. Moja tu, na nikakosa usingizi kwa furaha.

Sijui ilianza lini, ila tuliacha kuleta kazi ambazo hazijaisha. Kila mtu akawa anakuja na kilichokamilika, anakiweka juu ya kitambaa cheusi, kana kwamba kila Alhamisi ni fainali ya Golden Demon, yale mashindano ya kupaka rangi vijisanamu. Tukawa tunasifiana. Brashi zikabaki mikobani.

Kuna kijana alikuja majira ya baridi, vijisanamu vyake kavitia kwenye mfuko wa mkate. Alitazama meza yetu, akaubana ule mfuko magotini, hakuufungua hadi tunaondoka. Nilimwona, mjomba. Nilikuwa nimekaa pembeni yake kabisa, na askari wangu mmoja ambaye hajaisha nilikuwa naye mfukoni. Sikumtoa. Kijana hakurudi tena, na hilo linaniuma kuliko viti vitupu.

Najua macho yako hayana nguvu kama zamani, na najua ndiyo sababu umeacha kuja. Hutaki watu waone mkono unatetemeka. Mimi nataka wauone. Yule kijana nimekutana naye juzi dukani, nimemwomba aje Alhamisi hii, akasema ataangalia.

Njoo na lile kopo. Usimalizie chochote kabla. Nitakupitia saa kumi na mbili na nusu, taa yenye kioo cha kukuzia ninayo.