Wito wa harambee: tuchape kijitabu cha historia ya Guria, klabu ya mji mdogo wa Lanchkhuti

Ndugu wapenda soka, wazee kwa vijana, wa Rungwe, wa Mbeya na popote mlipo,

Tunaomba mchango wa shilingi 2,760,000. Ndizo zilizobaki ili zitimie shilingi 3,600,000 za kuchapa nakala 500 za kijitabu cha kurasa 48 kuhusu Guria, klabu ya mji mdogo wa Lanchkhuti, magharibi mwa Georgia. Shilingi 840,000 zimekwisha kuingia. Hesabu yote ipo chini, lakini kwanza mchangiaji ajue fedha yake inakwenda kusimulia nini.

Wengi wetu tuliijua Georgia Juni 2024, Khvicha Kvaratskhelia alipoifunga Ureno dakika ya pili mjini Gelsenkirchen, mechi ikaisha 2-0, tena kwenye Euro ya kwanza kabisa kwa taifa hilo. Wakongwe wanaikumbuka Dinamo Tbilisi iliyotwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1981. Hapo katikati ipo klabu ambayo sisi tunaiona ina kisa kizito kuliko hao wawili, na mji wake una watu wasiofika hata 10,000.

Lanchkhuti iko mkoa wa Guria, karibu na Bahari Nyeusi, nchi ya mvua nyingi, chai, machungwa na karanga za miti. Sensa ya 2014 ilihesabu watu 6,400 hivi. Uwanja wake, unaoitwa kwa jina la Evgrapi Shevardnadze, enzi za Usovieti, Georgia ilipokuwa sehemu ya Muungano huo, ulihesabiwa kuchukua watazamaji 22,000, kwa hiyo mji mzima ungeingia na bado zaidi ya nusu ya viti vingebaki vitupu. Waliovijaza walitoka vijijini. Huko mpira una mizizi mirefu kuliko soka lenyewe: katika kijiji cha Shukhuti, wilaya hiyohiyo, kila Pasaka ya Kiorthodoksi watu wa Shukhuti ya juu na wa Shukhuti ya chini hugombania mpira wa ngozi wa kilo 16 hivi, uliojazwa udongo na kulowekwa divai. Mchezo unaitwa lelo. Upande unaoshinda huenda kuuweka mpira juu ya kaburi la mwanakijiji aliyefariki.

Sasa kiini cha kijitabu. Mwaka 1986 Guria ilimaliza ya pili nyuma ya CSKA Moscow katika daraja la kwanza la Usovieti, ngazi ya pili kwa ukubwa, na zote mbili zikapanda ligi kuu. Mwaka huohuo Torpedo Kutaisi, klabu ya mji mkubwa zaidi jirani, ilishuka kutoka ligi hiyo. Mwaka 1987 Guria ikacheza na akina Spartak Moscow na Dynamo Kyiv, timu 16, mechi 30. Ilimaliza ya 16. Msimu mmoja, basi. Aliyemaliza wa 15 na kushuka nayo alikuwa CSKA yuleyule, jambo ambalo waandishi wa muhtasari hulisahau wanapoandika kwamba timu ya kijijini ilizidiwa.

Mwaka 1989 ikarudia: CSKA ya kwanza, Guria ya pili, tiketi ya ligi kuu mkononi. Haikuitumia. Aprili 9 mwaka huo askari wa Usovieti walikuwa wameua waandamanaji mjini Tbilisi, na mwanzoni mwa 1990 klabu za Georgia zilijitoa kwenye mashindano ya Muungano ili kuanzisha ligi yao. Dinamo Tbilisi ilipoteza nafasi iliyoizoea kwa miongo. Guria iliachia nafasi ambayo ndiyo kwanza imeipata, na haijapata tena jukwaa la ukubwa ule. Kwa maoni yetu hakuna klabu ya Georgia iliyolipa gharama kubwa zaidi kwa uamuzi ule.

Ligi mpya ilianza Machi 30, 1990, mjini Poti, wenyeji Kolkheti wakaifunga Iberia 1-0. Iberia ndilo jina Dinamo Tbilisi ilitumia miaka ile. Timu zilikuwa 18. Guria ilimaliza ya pili mwaka ule, ikatwaa na Kombe la Georgia, kisha ikawa ya pili tena 1991. Nchi ilitangaza uhuru Aprili 9, 1991, na mwaka 1992 ndipo ikaingia FIFA na UEFA. Maana yake ni kwamba miaka bora ya Guria baada ya kuacha ligi ya Usovieti ilipita kabla mlango wa mashindano ya Ulaya haujafunguka. Baadaye ilishuka, ikapanda, ikacheza tena ligi kuu katika miaka ya 2010, ikashuka.

Wa Tukuyu hawahitaji kufafanuliwa. Mwaka huohuo wa 1986 Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania, nayo inatoka kwenye mji wa mvua na chai. Ndiyo maana kazi hii tumeianzia Rungwe, wala si Dar es Salaam.

Kwa nini zihitajike fedha, wakati misimamo ya ligi ipo kwenye intaneti bure? Kwa sababu misimamo hiyo inapotosha, na kila kosa lina chanzo chake.

Chukua ligi kuu ya Usovieti ya 1990. Ina timu 13, Guria haimo. Msomaji wa haraka huandika kwamba ilishuka au ilivunjwa. Hesabu sahihi ni hii: msimu wa 1989 ulikuwa na timu 16, zikashuka mbili, Zenit na Lokomotiv Moscow, zikapanda mbili, CSKA na Guria, ikarudi 16. Zikajitoa Dinamo Tbilisi, Guria na Žalgiris ya Vilnius, Lithuania. Zikabaki 13. Bila kuweka misimamo ya miaka miwili sambamba, hili halionekani kabisa.

Kosa la pili ni pointi. Ushindi ulikuwa pointi 2, sare 1, lakini ligi kuu ya miaka ile iliweka kikomo cha sare: mwaka 1987 timu ililipwa sare 10 tu, ya 11 na kuendelea haikuleta pointi yoyote. Anayezidisha ushindi kwa mbili na kujumlisha sare zote anapata jumla isiyolingana na gazeti la wakati ule, kisha anadhani gazeti limekosea na "analisahihisha". Kijitabu kitachapa ushindi, sare, vipigo na pointi zilizolipwa, kila kimoja safu yake.

La tatu ni misimu. Usovieti ilicheza kuanzia machipuko hadi vuli ndani ya mwaka mmoja. Georgia ilifanya hivyo 1990, ikacheza msimu mfupi 1991, ikahamia msimu wa vuli hadi machipuko kuanzia 1991–92, na mwaka 2017 ikarudi kwenye mwaka mmoja baada ya msimu mfupi wa mpito mwishoni mwa 2016. Ukihesabu kwa miaka bila kuangalia tarehe za mechi, unapoteza msimu au unauhesabu mara mbili.

La nne ni tahajia. Mji huohuo utaukuta Lanchkhuti, Lantschchuti kwa Wajerumani, Ланчхути kwa Kirusi. Majina ya wachezaji yaliyotoka Kigeorgia kupitia Kirusi hufika yamebadilika herufi, mtu mmoja akawa wawili kwenye orodha ya wafungaji. Isitoshe, alfabeti ya Kigeorgia ina herufi 33 na haina herufi kubwa. Ukitafuta "Guria" kwenye gazeti lililoskaniwa, kompyuta inakuletea klabu, mkoa na kila habari ya mavuno ya chai kwa pamoja. Lazima mtu asome ukurasa kwa ukurasa.

Kazi itakwenda hivi. Magazeti na picha zinatafutwa kwenye hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Bunge la Georgia, Tbilisi, iitwayo Iverieli. Kurasa 40 za Kigeorgia zitafasiriwa kwa malipo. Za Kirusi, hasa Sovetsky Sport na jarida la Futbol-Khokkey, zitasomwa bila malipo na wazee wetu waliosoma vyuo vya Usovieti; hao tayari wamekubali. Kila matokeo yatathibitishwa na vyanzo viwili, kimoja kikiwa cha wakati ule. Yasiyothibitika hayaingii.

Picha zina shida yake. Picha ya gazeti imeundwa na nukta za wino. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi na kuichapa tena, nukta za zamani na mpya hugongana na kutoa mistari ya mawimbi usoni mwa mchezaji. Tutaskani kwa 600, programu iondoe nukta, ndipo ukubwa upunguzwe. Na kabla ya hayo yote mwenye picha aombwe kibali kwa maandishi. Hatutachapa picha iliyookotwa.

Fedha zinagawanyika hivi. Tafsiri ya kurasa 40 kwa shilingi 22,500 kila mmoja ni 900,000. Vibali vya picha 12 kwa 25,000 ni 300,000. Kupanga kurasa na kuchora jalada ni 350,000. Uchapaji wa nakala 500 kwa 3,200 ni 1,600,000. Mabango 6 ya maonyesho ya shuleni kwa 45,000 ni 270,000. Jumla 3,420,000, na tumeongeza akiba ya 180,000 kwa sababu bei ya karatasi hupanda bila kubisha hodi.

Kuhusu uchapaji, wanaoujua watatuuliza, basi tuseme. Ukubwa ni A5, kubanwa pini katikati. Kijitabu cha namna hii lazima kurasa zigawanyike kwa nne, la sivyo zinabaki tupu mwishoni, 48 zinagawanyika. Jalada ni kurasa nne kwenye karatasi moja ya gramu 250. Za ndani ni 44, yaani karatasi 11 za A4 zilizokunjwa: 9 za gramu 80 kwa maandishi, na 2 za katikati za gramu 100 kwa picha, maana kwenye gramu 80 picha nyeusi huonekana upande wa pili. Kwa nakala 500 zinatakiwa rimu 9 za gramu 80 na 2 za gramu 100. Tunaongeza rimu moja moja kwa zinazoharibika mashineni. Kabla ya kuchapa zote tutatoa nakala 2 za majaribio, zisomwe na watu watatu ambao hawakuandika, kwa kalamu nyekundu. Kosa likikutwa hapo linagharimu karatasi chache. Likikutwa baada ya nakala 500, linagharimu harambee nyingine.

Namba ya ISBN tutaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nakala 300 zitakwenda shule 60 za sekondari, tano tano, ili darasa liweze kusoma kwa makundi. Nakala moja shuleni huishia kabatini kwa mwalimu. Nakala 150 zitauzwa shilingi 5,000, na hizo 750,000 ziwe mbegu ya toleo la pili. Zilizobaki 50 ni za maktaba na za wachangiaji wa shilingi 50,000 na kuendelea. Majina ya wachangiaji wote yatachapwa ukurasa wa mwisho bila viwango, isipokuwa mtu akiomba lisitajwe.

Michango haiingii kwenye simu ya mtu. Inaingia akaunti ya kikundi, na kutoa kunahitaji saini tatu: mwenyekiti, mweka hazina na mjumbe mmoja asiye kiongozi. Namba ya akaunti inabandikwa kwenye ubao wa mkutano na kusomwa na mweka hazina mwenyewe. Ukitumiwa namba nyingine na mtu anayejitambulisha kuwa wetu, usilipe. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na stakabadhi zitakuwepo mezani kwa atakayetaka kuzikagua. Ikiwa fedha hazitatimia, tafsiri na vibali vitalipwa kwanza, mabango yataahirishwa, na nakala zitapunguzwa hadi 300; bei ya kila nakala itapanda, maana kuandaa mashine ni gharama ileile kwa chache au nyingi.

Asiye na fedha anaweza kusaidia kwa njia tatu. Anayesoma Kirusi au Kigeorgia atoe saa chache za kulinganisha majina. Mwenye magazeti ya michezo ya miaka ya 1980, hata ya Kiswahili, atuazime. Tutaskani mbele yake na kumrudishia siku hiyohiyo. Na karatasi tunapokea: mpigachapa atapunguza shilingi 250 kwa nakala akiletewa rimu 10 za gramu 80. Ziwe A4, nyeupe, na bado zimefungwa. Rimu iliyofunguliwa kwenye unyevu wa huku kwetu hujikunja kingo na kukwama mashineni, kwa hiyo hiyo tunaomba usituletee.