Mjomba, mwenzako alitia jina lake pembeni

Shikamoo Mjomba.

Najua barua hii utasomewa na wajukuu kwenye simu, maana herufi ndogo na macho yako vimeshagombana. Waambie wasome polepole, wasiruke.

Ile albamu ya stempu uliyoniachia ulipohama Pangani, Nairobi, kurudi Mombasa nimeitoa kabatini juzi, mvua iliponifungia ndani. Kuna stempu ya Uswidi, sijui ulipewa na mteja gani. Nimeikagua kwa lenzi yako ya kazini, na chini kabisa, pembeni, nikakuta maandishi membamba kama unywele: Cz. Slania sc. Hiyo «sc» ni kifupi cha neno la Kilatini, maana yake «amechonga».

Nimemtafuta huyo mtu. Czesław Słania, Mjomba, alikuwa fundi wa kazi yako wewe, kuchonga kwenye chuma. Alizaliwa Poland mwaka 1921. Wakati wa vita aliwaghushia hati wapiganaji waliokuwa wakipambana na Wajerumani (usicheke, najua watu waliokuja kibarazani kwako River Road kuomba mihuri ya ajabu ajabu, nawe ukawafukuza). Baadaye akasomea sanaa Kraków. Stempu yake ya kwanza ilitoka Poland mwaka 1951, na mwaka 1956 akahamia Uswidi. Huko posta ikamwajiri, na mwaka 1972 akafanywa mchongaji wa mfalme. Alichonga stempu zaidi ya 1,000, za nchi nyingi, mpaka za Umoja wa Mataifa.

Lakini kazi yenyewe ndiyo itakayokufurahisha. Wewe ulikuwa ukiandika majina kwenye pete na vikombe vya mashindano, na jina ukiliandika linavyosomwa. Yeye alichonga kwenye kipande cha chuma, kwa ukubwa uleule wa stempu, tena kinyume, kushoto kuwe kulia. Hakuna rangi wala kivuli cha kupaka: shavu la malkia ni mistari na vidoto tu. Mfereji ukiingia ndani zaidi unabeba wino mwingi, pakawa peusi. Ukikwaruzwa juu juu, panakuwa peupe. Uso ndio mtihani. Mstari mmoja ukiteleza mdomoni, yule si malkia tena, ni jirani yake. Kisha chuma hukazwa kwa moto, picha ikahamishiwa kwenye rola laini ya chuma, rola nayo ikakazwa, kisha ikaigandamiza kwenye bamba la kuchapia mara nyingi kadiri inavyotakiwa. Njia hiyo ndiyo iliyotumika Uingereza kwa stempu ya kwanza ya gundi duniani, ya mwaka 1840.

Ulinifundisha kupapasa stempu kabla ya kuitazama, nami nilidhani ni mchezo. Sasa naelewa. Yule twiga wa mwaka 1954, wa wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zikitumia stempu moja, amechongwa. Wino umesimama, ncha ya kidole inausikia. Zile za Kenya zenye makombe ya baharini, za mwaka 1971, ambazo mimi nilizipenda kuliko zote, kidole kinateleza tu. Ni nzuri, lakini ni picha ya mashine. Na kwa kuwa nimezitaja: ile ya senti 70 jina la kombe liliandikwa kwa makosa, «Pompileus» badala ya «Pompilius», ikabidi baadaye ichapishwe iliyosahihishwa. Iliyomo kwenye albamu yako ndiyo yenye kosa. Nitaitunza.

Słania alipenda ndondi. Alijichongea mabingwa wa uzito wa juu kwenye vibandiko vidogo mfano wa stempu, visivyoweza kutuma barua popote, kwa raha yake na kuuzoeza mkono. Nilikukumbuka ukichora samaki migongoni mwa vijiko vibovu wateja walipokosekana. Tajiri wako alikuwa akinung'unika kwamba unapoteza muda. Huyohuyo ndiye aliyeleta mashine ya leza na kukuambia upumzike, kana kwamba uliomba kupumzika.

Mwaka 2000 ilitoka stempu yake ya 1,000, kubwa kuliko kawaida, kutokana na mchoro wa kale wa mchoraji Ehrenstrahl kuhusu matendo ya wafalme wa Uswidi. Alikuwa na miaka 78 wakati huo. Alifariki Kraków mwaka 2005.

Nimeichukua bangili ya mama, ile uliyoitia nakshi alipoolewa, nikaipitisha kwenye lenzi ndani na nje. Jina la mama lipo. Tarehe ipo. La kwako nimelitafuta hadi shingo ikauma, halipo.

Nakuja Mombasa mwezi ujao kwa treni, na bangili nakuja nayo. Zile kalamu zako za chuma usimpe mtu. Kama mkono bado unakubali, macho nitakuazima yangu. Karibu na kifungo pana nafasi ya herufi mbili tatu.