Taka za nyuklia, tuulizeni maji

Mhariri,

Huu mjadala wa kinu cha nyuklia naufuatilia tangu watu wa Uyombo kule Kilifi walipokataa mpaka sasa macho yote yako Siaya, na kila ikiulizwa habari ya taka jibu ni lilelile, zitatiwa kwenye makontena magumu zizikwe chini basi. Jamani hilo sio jibu. Plutoni-239, mojawapo ya taka hizo zenye mionzi, inachukua miaka 24,100 kupungua nusu tu, kontena gani litangoja hapo? Cha kuuliza ni maji ya chini yakishazifikia hizo taka yatabeba nini.

Na hapo kemia ndo inaamua. Urani, yale mafuta ya kinu, mahali pasipo oksijeni inakaa jiwe, karibu haiyeyuki kabisa, ila ikipata oksijeni inabadilika, na maji yakiwa na kaboneti (aina ya madini yaliyoyeyuka majini) inashikana nayo inaondoka. Jiwe moja, maji tofauti. Ndo maana Finland pale Onkalo, shimo lao la kuzikia taka za nyuklia, wameshuka zaidi ya mita 400 kwenye mwamba ambako oksijeni haifiki, na mikebe ya shaba inazungushiwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Wa WIPP, ghala la taka za nyuklia lililochimbwa ndani ya chumvi chini ya ardhi kule New Mexico, Marekani, ndo wamenivutia zaidi maana wamewawaza hata bakteria: kwenye mapipa kuna glavu, karatasi, matambara, vijidudu wakivila wanatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ikiingia kwenye maji ya chumvi ya mle chini inazisaidia plutoni na wenzake kuyeyuka, kwa hiyo juu ya mapipa wanapanga magunia ya magnesiamu oksaidi yainyonye hiyo gesi.

Hata isipoyeyuka bado inaweza kutembea. Nevada walilipua bomu chini ya ardhi 1968, miaka mingi baadaye plutoni yake ikakutwa kilomita 1.3 mbele, imeng'ang'ania vichembe vidogo mno vya udongo vinavyoelea majini. Lakini Oklo, Gabon, hapahapa Afrika, karibu miaka bilioni 2 iliyopita urani ilijiendesha yenyewe ardhini kama kinu, na plutoni iliyozaliwa pale haikwenda mbali.

Sasa naomba waandishi wenu wakikaa na hao wakubwa wawabane: mwamba gani, maji yake yana oksijeni kiasi gani, kaboneti je, chumvi je, na nani kapima. Wakitoa picha ya kontena, waombeni kwanza karatasi ya vipimo vya maji, na muichapishe yote.

Msomaji wenu,
Kilifi