Kabla mtoto hajaingia chumbani

Bombo

Mwanangu Zaituni,

Salamu nyingi, na mumeo pia. Mtoto yuko njiani, na chumba chenu hapo Kisenyi kina dirisha moja tu. Nataka tusemezane kuhusu manukato.

Anza na naftalini, zile tembe nyeupe za kabatini. Zitoe zote leo. Hazidhuru kwa kumezwa tu: hugeuka mvuke zenyewe, mvuke ukaingia kwenye nguo, na mtoto akauvuta. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, jambo la kurithi lililoenea katika nchi za malaria kama yetu. Kwa hao, naftalini huvunja chembe nyekundu za damu. Manjano, yaani macho na ngozi kugeuka njano, hupanda, na yakizidi huharibu ubongo. Kwa kumtazama tu huwezi kujua kama wako ni mmoja wao. Nguo zilizokaa na tembe hizo zianike juani siku nzima, zifue, uzianike tena, na blanketi la kupewa usilisahau. Inayobaki na harufu usimvike, hasa ukishampaka mafuta, kwani mafuta huisaidia naftalini kupenya ngozi. Mtazame kwenye mwanga wa mchana. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa na rangi ya chai, au akigoma kunyonya, hospitali siku hiyohiyo.

Udi sikukatazi, nani atakaa arobaini bila udi? Lakini moshi wake nao ni moshi, na kaa lililo chini yake hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayoua na isiyo na harufu. Chetezo kikae barazani. Fukizia nguo hukohuko, kisha uziingize ndani. Sigiri nayo isilale chumbani, hata kama umepikia mwisho saa mbili usiku: kaa lililofunikwa na jivu bado linatoa gesi.

Vile vipulizio vya harufu ya limau viacheni dukani. Limonini iliyomo hukutana na ozoni ya hewani ikazaa fomaldehidi, inayowasha macho na koo na ambayo imethibitishwa kusababisha saratani. Uvundo una chanzo chake: ndoo ya nepi iwe na mfuniko na ikae nje, kitanda kiachane na ukuta ili unyevu ukauke. Mumeo akilalamika kwamba chumba hakinukii, afungue dirisha na mlango kwa pamoja alfajiri, dakika 15, kabla matatu hazijaanza kujaa barabarani.

Mama yako