Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Bustani ya Pamoja, Mikindani

Ndugu wanachama, assalaam aleikum na habari za asubuhi. Nawashukuru mliofika, ingawa tulikubaliana saa 3 na sasa inakaribia saa 5.

Kazi za kawaida mnazijua. Tulilima matuta, tukapanda mchicha, bamia na nyanya chungu, tukauza, tukazikana na kuozana. Tuko wanachama 34, waliolipa ada ni 13, sawa na sh. 312,000, tunadai sh. 504,000, mauzo ya mboga sh. 1,140,000, mbegu, samadi na petroli sh. 610,000. Mwenye swali amuone mweka hazina.

Sasa lile lililowaleta: mipira ya matone, ile ya kumwagilia yenye vitundu vinavyodondosha maji kwenye mimea. Wanasema nimenunua mibovu, kikao kilichopitisha ununuzi hakikuwa na akidi, na nawaamsha kulima saa 11 alfajiri kama jangwani. Limesemwa barazani, limesemwa kwenye kahawa, hata shemeji yangu kaniuliza, "Eti umetuletea Misri?"

Nilipokuwa nasoma Cairo nilijitolea miezi saba kwenye shamba la jangwani. Sikwenda kutalii. Tukishamaliza swala ya alfajiri tuko shambani, maana ikifika saa 5 mchanga haukanyagiki bila viatu. Mchana tunajilaza chini ya mivinje, hii hii ya ufukweni kwetu, kule wanaipanda kwa safu kuzuia upepo. Alasiri tunarudi. Na kazi yenyewe ilikuwa kutambaa. Unatambaa kando ya mpira, unatazama tundu moja moja, lisilodondosha unalizibua kwa sindano. Ikija khamsini, ule upepo wa vumbi wa mwezi wa tatu hadi wa tano, unaanza upya. Nilifika pia Sekem, shamba alilolianzisha Dk. Ibrahim Abouleish mwaka 1977 kwenye mchanga mtupu. Leo pana miti, ng'ombe na mboji. Wale mvua yao ya mwaka mzima ni kama ya mchana mmoja wa masika hapa. Sisi tunashindwaje?

Ndiyo maana kamati ilitoa sh. 1,460,000 kwenye akiba, tukanunua mipira, tangi na pampu. Wanaosema akidi haikutimia, tulikuwa wanne kati ya saba, na katiba inataka zaidi ya nusu. Wa nne alifika tukiwa tunafunga kikao, lakini alisaini.

Ni kweli safu 6 za mipira kati ya 14 zimeziba. Kisima chetu kiko karibu na bahari, maji yana chumvi, na chumvi ikikauka kwenye tundu inaganda nyeupe kama ukoko wa uji. Nilisema tangu siku ya kwanza: kila Jumamosi tufungue ncha za mipira, maji yatoke kwa nguvu, tufunge. Daftari la zamu liko hapa mezani. Kati ya Jumamosi 31, ncha zilifunguliwa 9. Saini 6 ni zangu, 2 ni za mama zetu wanaokaa jirani na bustani, 1 haisomeki. Halafu mtu anasema mwenyekiti kanunua mipira mibovu!

Kuhusu kuanza kazi saa 11 alfajiri, nakubali jua letu si la jangwani. Lakini aliyewahi kubeba ndoo mbili saa 6 mchana mwezi wa Novemba hanibishii. Anayefika saa 3 kazi yake ni kusubiri chai.

Korosho zilipoanza kuokotwa nilibaki na watu watatu. Silaumu, korosho ndiyo karo ya watoto. Ila malipo ya mnada yalipoingia, hakuna hata mmoja aliyekumbuka ada ya chama, sh. 2,000 kwa mwezi, soda tatu.

Na hili halisemwi barazani: safu 8 zilizo wazi zilitoa bamia mpaka Desemba, wakati matuta yanayomwagiliwa kwa ndoo yalishakauka. Bamia hizo zimeliwa na wengi, wakiwemo wanaonisema.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kupata kichujio cha maji mfadhili akipatikana, kupanda mivinje upande wa baharini, na kwenda Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kujifunza kwa wataalamu, usafiri ukiruhusu.

Zamu ya Jumamosi hii wamejiandikisha wawili, na mimi ni mmojawapo. Sindano nimenunua paketi nzima kwa fedha yangu. Ziko kwa mweka hazina.